Kwenda Wadi Shab na Bibi: Mpango wa Jumamosi

Maporomoko ya Wadi Shab huyaoni ukiwa njiani. Yamo ndani ya pango, mwisho wa mabwawa ya maji ya kijani, na mlango wa pango hilo ni ufa wa mwamba unaopitisha kichwa cha mtu anayeogelea, basi. Ndiyo maana matembezi haya, ambayo kila aliyekwenda atakwambia ni mafupi, yanataka kupangwa kuliko safari nyingi ndefu.

Sisi tunakwenda Jumamosi hii, insha'Allah. Tuko sita: mama yangu, ambaye watoto wanamwita Bibi na ana miaka 71, mdogo wangu wa kike, mume wangu, mtoto wa kaka yangu anayesoma Uingereza, amekuja kwa likizo ya Disemba, binti yangu wa miaka 9, na mimi. Kijana ameshatazama video nyingi za pango na hana habari na kitu kingine. Bibi hajui kuogelea, lakini ndiye aliyeitaka safari hii kwanza. Anasema amechoka na maji ya bomba na ya bahari. Anataka kukaa pembeni ya maji yanayopita, ayasikie sauti. Basi swali letu halikuwa namna ya kufika kwenye maporomoko. Lilikuwa namna ya kwenda watu sita, kila mmoja apate alichokifuata, na jioni turudi nyumbani sita.

Mahali penyewe

Wadi Shab iko karibu na Tiwi, kiasi cha kilomita 150 kutoka Muscat, kwenye njia kuu ya Qurayyat kwenda Sur. Kwa gari ni saa moja na nusu mpaka mbili. Magari huegeshwa chini ya daraja kubwa la njia kuu, na hapo mashua ndogo inakuvusha ng'ambo kwa dakika chache. Nauli iliyozoeleka ni riali 1 kwa mtu, kwenda na kurudi, kwa hiyo bebeni noti ndogo. Kabla ya kuondoka ulizeni kama njia iko wazi siku hiyo.

Aliyekulia Moshi akisikia maporomoko atafikiria Materuni, baridi na msitu wa mlimani. Hapa miti ni ukanda mwembamba tu: mitende, migomba na mashamba madogo yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaji, na pande zote mbili kuta za mwamba mkavu. Mwanzo wa njia ni tambarare. Baadaye ni kupanda na kushuka mawe, na pengine kupita ukingoni. Baada ya dakika 40 hivi unafika kwenye mabwawa. Kuanzia hapo huendi tena kwa miguu peke yake: unatembea majini, unaogelea, unatembea tena, mpaka kwenye ule ufa. Kuna mahali miguu haigusi chini.

Somo la Ibn Battuta

Pwani hii ina msafiri wake mashuhuri, na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunamjua. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akapanda chombo kuja Dhofar na kuendelea na mwambao wa Oman. Kwenye bandari ya Sur aliuona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani atafika kwa miguu kabla ya usiku. Akamkodi mtu wa kumwongoza. Huyo mwongozaji alitaka wavuke mkono wa bahari mahali pa hatari, huku nguo za msafiri amezishika yeye. Ibn Battuta akakataa, akatafuta kivuko kingine. Kiu ikawapata, mwenzake akazidiwa, usiku ukawakuta njiani. Alipofika Qalhat kesho yake miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu.

Baadaye alikwenda Tiwi, ambayo yeye aliiita Tibi, akaisifu kwa mito yake na bustani zake. Magofu ya Qalhat yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, na yako njia hiyohiyo ya Sur. Mimi kisa chake nimekisoma kama orodha ya maandalizi: umbali wa kuonekana kwa macho si umbali wa miguu, maji ya kunywa hayakopwi njiani, na mtu ana haki ya kusema hapana pembeni ya maji, hata kama mwongozaji anamhimiza.

Mvua ya mlimani

Hatari kubwa ya wadi haitoki pale uliposimama. Milima ya Hajar ni mwamba mtupu. Mvua ikinyesha huko juu haipati udongo wa kuinywa, inateremka yote pamoja. Mnaweza kuwa chini kwenye jua kali, mbingu nyeupe, na mafuriko yakawajia. Waliokuwapo Muscat mwaka 2007 hawajasahau kimbunga Gonu, na Aprili 2024 mafuriko ya wadi yaliua watu wengi hapa Oman, wakiwemo wanafunzi waliosombwa wakiwa ndani ya gari. Kuvusha gari kwenye wadi iliyojaa ni kosa la jinai nchini humu, lenye faini na kifungo.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: Ijumaa usiku tunasoma utabiri wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na tunaangalia milima ya mashariki, si Muscat peke yake. Kukiwa na onyo lolote la mvua, hatuendi. Tutakaa nyumbani, tukaange kachori. Ya pili: tukiwa ndani, maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani na vijiti, au tukisikia mvumo, tunapanda juu papo hapo na kuacha vitu vyote. Simu na viatu vinanunuliwa.

Saa zetu

Tunaondoka saa 12 asubuhi, baada ya swala ya alfajiri. Saa 2 tuko kwenye mashua. Bibi na mdogo wangu watakaa kivulini, kwenye mitende iliyo karibu na maji, na chupa ya chai, maandazi na mkeka. Mimi na binti yangu tutakwenda mpaka bwawa la kwanza, naye ataoga pembeni, nami nikiwa ndani ya maji pamoja naye. Mume wangu na kijana wataendelea pangoni. Saa 4 kamili wanageuka, wawe wameyaona maporomoko au hawajayaona. Saa 4 na nusu niwe nawaona. Wasipotokea, siwafuati na mtoto mkononi. Naomba msaada kwa walio karibu, na mmoja anarudi kwenye mashua kupiga 9999, maana ndani ya kuta zile simu si ya kuitegemea. Saa 6 mchana sote tuko ng'ambo, mbele ya Bibi, tuhesabiwe.

Tumeongeza na haya: lita mbili za maji kwa kila mtu mzima, viatu vya kushika mwamba hata vikilowa, mfuko usioingia maji, na nguo za heshima za kuogea, yaani fulana na suruali, kwa kuwa tunapita katikati ya mashamba ya watu. Takataka zetu zinarudi na sisi Muscat. Na jirani yetu ameachiwa karatasi yenye jina la wadi, namba ya gari na saa ya kurudi.

Ubishi mmoja ulibaki: majaketi ya kuelea. Kijana alisema, "Shangazi, mimi naogelea kila wiki kwenye bwawa la chuo." Kabla sijajibu, Bibi akamwambia, "Bwawa la chuo lina ngazi, mwanangu, na lina mtu kakaa juu ya kiti anakutazama." Kijana alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza duka linafungwa saa ngapi. Jana amerudi na mawili, lake na la ami yake. Bibi ameyapapasa kamba moja moja, akataka kujua kama yana filimbi. Yanazo. Sasa tunasubiri utabiri wa Ijumaa.