Sauti Ilifika, Maneno Hayakufika

Leo tunaandika juu ya uongozi. Si ule wa marais. Ni wa kikundi chetu kidogo hapa Mantapala, wilaya ya Nchelenge, na kosa moja tulilofanya sisi wenyewe.

Wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2017, tukitoka upande wa Pweto na Moba. Kwanza tulilala Kenani. Mantapala ikafunguliwa Januari 2018, na serikali ya Zambia ikapanga wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, watoto wasome pamoja, wagonjwa wapange mstari mmoja. Ukienda kuchota maji asubuhi, kabla ndoo haijajaa umesikia Kiswahili cha Katanga, Kiluba, Kitabwa, Kibwile na Kibemba.

Tulipounda kikundi cha kujitolea tuliiga tulichokiona ofisini: mwenyekiti, katibu, mtunza pesa. Swali letu la kwanza likawa, nani anajua Kingereza? Kule kwetu tulisoma kwa Kifaransa, basi wenye Kingereza walikuwa watatu tu. Wote watatu wakawa viongozi. Hawakuwa watu wabaya, hata kidogo. Walichapa kazi. Lakini polepole mikutano ikawa yao. Raporo iliandikwa kwa Kingereza, sisi wengine tukawa tunatia sahihi kitu tusichoweza kusoma. Nafasi ya semina ikitoka, wanaenda walewale. Wasichana walikaa nyuma. Vijana wa Kitwa walikuja mara mbili, wakaacha kuja, na hakuna aliyewauliza sababu.

Halafu ikaja siku ya mbegu. Tulitumwa kutangaza kwamba kila familia ipeleke kadi yake Alhamisi, majina yaandikwe. Tulivaa gileti zetu, tukapita na megafoni njia kubwa yote, tukitangaza kwa Kiswahili kizuri cha shule. Jioni tukaandika kwenye raporo kwamba habari imefika kwa watu wote.

Haikufika. Wiki iliyofuata mama mmoja mzee alikuja kutuona na kadi yake mkononi. Anakaa na wajukuu wanne. Jina lake halimo. Alituambia hivi: “Batoto bangu, ile siku mulipita na megafoni. Sauti nilisikiaka. Maneno sikusikiaka.” Yeye Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni tu. Na hakuwa peke yake. Ofisini walitujibu kwamba orodha imefungwa. Mvua ikaanza kunyesha, na hapa mtu asiyepanda mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili hana mahindi yake mwaka mzima. Tulichangishana mbegu kidogo tukampelekea. Alishukuru, lakini tuliona aibu.

Usiku ule tulikaa kwenye nsaka, tukaanza kulaumiana. Mzee mmoja mwenyeji alikuwa pale anaota moto. Akatuuliza kama tunajua walikotoka Walunda wa Mwata Kazembe, walio huko kusini kwetu, Mwansabombwe, karibu na ziwa dogo la Mofwe. Tukasema tunajua Mutomboko, ile ngoma ya mwezi wa saba, Mwata anapocheza na shoka na upanga. Akasema hao nao walitoka upande wa Kongo, wakavuka mto Luapula miaka ya 1700. Walikuja na nguvu, wakatawala. Lakini waliokuwapo kabla yao walibaki wakiitwa wenye nchi, na mambo ya kuiombea ardhi yakabaki mikononi mwao. Na Walunda wenyewe leo wanaongea Kibemba kama majirani zao, ila majina ya sifa ya wafalme yametunzwa kwa lugha ya zamani. Mzee hakuongeza neno. Sisi tulielewa: hata mwenye shoka aliacha nafasi ya mwingine, na alijifunza lugha ya aliowakuta.

Basi tukabadilisha mambo manne. Mwenyekiti anakaa miezi minne, anapisha mwingine. Mkutano ni kwa Kiswahili na Kibemba, na Kingereza ni cha karatasi ya ofisi tu, tena inasomwa kwa sauti na kutafsiriwa kabla ya sahihi. Viti viwili ni vya vijana wenyeji. Na kabla mkutano haujafungwa, mmoja wa kila lugha anarudia alichosikia. Hapo ndipo makosa yanaonekana. Siku moja “Jumanne” ilirudi kama “kesho” kwa watu wawili! Tungetangaza vile, wangepoteza tena.

Hatusemi tumemaliza. Mikutano imekuwa mirefu, wengine wanalalamika. Mwenyekiti wa sasa ni dada ambaye hajui Kingereza, na wageni wakija bado wanamruka wanamtafuta yule wa zamani. Kijana mmoja wa Kitwa amerudi. Wenzake bado, na safari hii tumekwenda kuwauliza.

Kwa vijana wenzetu: kuwa mkimbizi hakukuondolei lugha yako wala heshima ya kwenu. Usiviache mlangoni ukiingia kwenye komite. Na kwa ninyi wa mashirika, tunawaomba jambo moja. Mkija kutafuta viongozi, msianze na nani anajua Kingereza. Ulizeni watu wanagonga mlango wa nani usiku mtoto akiumwa. Huyo mtafutieni mkalimani.

Na sisi tukipita tena na megafoni, tukimaliza tunasimama kwenye milango tunauliza: mama, umesikia nini?