Huzuni Haina Sura Moja

Mwaka 2013, katika Darasa la Tano nililolifundisha, walikuwamo watoto wawili walioumia vichwani. Mvulana alianguka kutoka mwembeni. Msichana aligongwa na pikipiki njiani kwenda nyumbani. Wote wawili walizimia, wakalazwa hospitali, kisha wakarejea darasani vidonda vimekauka. Nami nilidhani wamepona.

Mvulana, aliyekuwa mpole, aligeuka mkali. Alitupa madaftari na kupigana na wenzake. Nilimwadhibu mara tatu. Msichana hakunisumbua: alinyamaza, akaacha kuruka kamba, uji wake akawapa wengine. Katika taarifa ya muhula niliandika, "Nidhamu nzuri."

Siku moja bibi yake alikuja shuleni. "Mwalimu," alisema, "mjukuu wangu anasema ni heri angalikufa siku ile. Hapa mnamwonaje?" Sikuwa na jibu. Tuliwapeleka watoto wote wawili kwa daktari, naye akatueleza kwamba maradhi yao ni mamoja: sonona. Jeraha la ubongo huweza kuvuruga sehemu zinazotawala hisia. Tena mtoto huhuzunika aonapo kwamba lile aliloliweza jana leo limemshinda. Mmoja huionyesha huzuni hiyo kwa hasira, mwingine kwa kimya. Huweza kuanza mapema, au baada ya miezi.

Hata kwa watu wazima hali hii hupita bila kutambuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 559 waliolazwa kwa majeraha ya ubongo huko Seattle, Marekani. Katika mwaka wa kwanza, asilimia 53 walipata sonona. Kati ya hao, asilimia 44 tu walipata dawa au ushauri.

Basi, walimu wanafunzi, mtoto wa namna hii msimlinganishe na jirani yake wa dawati. Mlinganisheni na yeye mwenyewe kabla ya ajali. Mpunguzieni kazi, mpeni nafasi ya kupumzika, shaurianeni na wazazi wake mapema. Akitaja kifo, msingoje kesho: apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Msichana alirudi kwenye kamba mwaka uliofuata. Mvulana naye alipata nafuu, lakini ilichukua muda mrefu zaidi kabla hajaniamini tena. Sababu yake naijua.