Peke yako Uluguru: ushauri kwa anayesafiri bila mwenza

Wenyeji wa Morogoro huuita mji wao “mji kasoro bahari”, wakimaanisha kwamba Mungu aliupa kila kitu akasahau maji ya chumvi tu. Kwa mtu anayetaka kusafiri peke yake kwa mara ya kwanza, mimi naona kasoro hiyo ni nafuu. Siku hizi wanawake wengi wa rika langu wanaota safari za meli zile kubwa za kitalii zinazotia nanga Zanzibar, lakini chumba cha meli huuzwa kwa hesabu ya watu wawili, na aliye peke yake mara nyingi hulipishwa karibu gharama ya wote wawili. Tena ukichoka katikati ya bahari huna pa kushukia. Morogoro unaweza kufika asubuhi, ukakuta hupapendi, na jioni ukawa nyumbani kwako Dar es Salaam unakoroga ugali.

Kabla ya viatu na begi, kuna kikwazo ambacho hakiko mlimani. Kwetu mtu mzima hasafiri peke yake bila sababu. Akionekana na begi, jirani anauliza nani amefariki. Kuna msiba, kuna harusi, kuna mgonjwa, kuna kikao cha ukoo. Kusema “naenda kuangalia milima” kunamfanya msikilizaji anyamaze kidogo, kisha aulize kama kweli uko salama. Nilianza safari hizi nikiwa na miaka 52, mwaka wa tatu baada ya mume wangu kufariki, na mwanangu mkubwa alinipigia simu mara nne kabla sijafika Pugu. Hakuwa na ubaya. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mama yake anaweza kutaka kuwa mahali fulani bila kuhudumia mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiage kwa kuomba ruhusa, ila usiondoke kimya. Andika kwenye karatasi jina la nyumba ya wageni utakayolala, siku ya kwenda na siku ya kurudi, na jina la mtu atakayekuongoza mlimani ukishampata. Mwachie mtu mmoja tu mwenye akili tulivu. Mkubaliane saa moja ya kupigiana simu kila siku, kwa mfano saa moja jioni. Ukiwaachia watu sita, wote sita watapiga ukiwa kwenye mteremko, na yule asiyekupata ataanza kuwatangazia ndugu. Mabonde mengi ya Uluguru hayana mtandao. Waambie hivyo mapema.

Usafiri umekuwa rahisi mno tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari huchukua kama saa mbili, wakati basi kutoka Mbezi Luis linaweza kukuweka barabarani saa nne au zaidi, kutegemea foleni ya Kibaha na Chalinze. Kwa aliye peke yake treni ina faida nyingine: kiti kina namba na tiketi ina jina lako, na hakuna mpiga debe wa kukuvuta mkono. Nenda na kitambulisho na ufike stesheni mapema, kwa sababu ukaguzi ni mrefu na treni haimsubiri mtu. Chagua ya asubuhi. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya katikati ya mji, na kutafuta bajaji mahali usipopajua saa tatu usiku si mwanzo mzuri. Ukija kwa basi utashuka Msamvu, ambako kuna kelele nyingi zaidi, ingawa daladala za mjini ziko palepale.

Kuhusu malazi nitasema wazi, maana huu ni ukurasa wa familia na familia ndizo zinazoulizana haya kwa kunong’ona. Gesti ziko za aina mbili, za kulala na za kukodishwa kwa saa. Ukifika mapokezi ukaulizwa “unalala au unapumzika?”, shukuru, toka, tafuta nyingine. Omba kuona chumba kabla hujalipa. Jaribu komeo kwa mkono wako, angalia dirisha linafungwaje, omba chumba kilicho karibu na mapokezi, si kile cha mwisho wa korido. Hosteli za mashirika ya dini mara nyingi ni safi na tulivu, na hakuna atakayeshangaa mwanamke kuingia peke yake na kulala saa tatu. Kama mhudumu atakuuliza mbele ya watu kama uko peke yako, huna deni la kumjibu. Mimi husema “wenzangu wanakuja”, na wala sioni kwamba nimetenda dhambi.

Sasa mlima wenyewe. Kusafiri peke yako si sawa na kutembea msituni peke yako, na Uluguru ni mahali pa kulielewa hilo vizuri. Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Lupanga na Bondwa, vilele unavyoviona ukiwa sokoni, vimepita mita 2,100. Nyuma yake, huko kusini kusikoonekana kutoka mjini, Kimhandu imepita mita 2,600. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga miteremko ya mashariki, unapanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua. Ndiyo maana Mto Ruvu unaanzia huku, na maji ya bombani Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni maji ya Uluguru. Ndiyo maana pia unaweza kuanza kupanda Lupanga jua likiwaka, na kabla ya saa sita mchana usione miti iliyo hatua ishirini mbele yako. Njia huko juu zinagawanyika. Nyingine zimekanyagwa na wakata kuni, nyingine na wanyama, nyingine hazielekei popote. Mizizi inateleza. Ukitegua kifundo cha mguu ukiwa peke yako, kupiga kelele hakutasaidia sana.

Halafu kuna sheria. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuingia kunahitaji kibali na malipo, na mwananchi halipi sawa na mgeni wa nje. Pitia ofisi yao mjini siku moja kabla, si asubuhi ya kupanda. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapata risiti. Anayekwambia atakupitisha kwa bei nafuu bila karatasi anakufundisha jambo moja tu juu yake mwenyewe.

Hapohapo TFS, au kwenye vikundi vya utalii wa kitamaduni mjini, uliza mwongoza wageni. Hapa ndipo aliye peke yake huumia mfukoni, kama yule wa kwenye meli: ada ya kumwongoza mmoja inakaribiana na ya kuwaongoza wanne. Usijaribu kuikwepa kwa kumchukua kijana yeyote aliyekufuata kutoka stendi. Kuna njia halali ya kuipunguza. Jumamosi na Jumapili vikundi vya wanafunzi wa vyuo na vya mazoezi hupanda, na mwongoza wageni anaweza kukuunganisha nao mkachangia. Utatembea na watu usiowajua, utazungumza ukitaka, utanyamaza ukitaka. Kabla ya kuondoka kubalianeni naye mambo manne mbele ya mtu wa ofisini: bei yote kwa ujumla, saa ya kuanza, saa ya kugeuka hata kama hamjafika kileleni, na kwamba yeye ndiye atakayekurudisha, si rafiki yake mtakayemkuta njiani. Piga picha kitambulisho chake, umtumie yule uliyemwachia karatasi. Mwongozaji mzuri hachukii. Aliyewahi kuniongoza mara mbili huwa anakitoa mwenyewe kabla sijasema.

Siku ya kwanza usiende Lupanga. Nenda Morningside, kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo juu ya mji, saa mbili au tatu za kupanda kwa mwendo wa mtu mzima anayesimama kuvuta pumzi. Njia ni pana na unapita mashambani, kwa hiyo kuna watu. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utakutana na akina mama wanaoshuka na mizigo kichwani: ndizi, mboga, maua, matunda ya msimu. Wanashuka haraka kiasi kwamba utaona aibu ya fimbo yako. Wapishe, maana mzigo hausimami vizuri mtelemkoni. Salimia kwanza, shikamoo kwa waliokuzidi, na usinyanyue simu kupiga picha kabla hujaongea nao. Kama una kiu ya kununua kitu, nunua hapohapo. Ndizi ileile utaikuta Soko Kuu la Chifu Kingalu ikiwa imepanda bei.

Jambo moja la Uluguru linampa nafuu mwanamke asiye na mwenza. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na kwa desturi ardhi ya ukoo hupita kwa akina mama. Bibi mmoja niliyekaa naye kwenye baraza lake njia ya Choma aliniuliza mama yangu ni wa wapi na wa ukoo gani. Tulizungumza nusu saa nzima. Hakuuliza mume wangu yuko wapi. Sisemi kila mtu atakuwa hivyo, lakini nilitelemka siku ile nikiwa mwepesi.

Mwenye magoti mabovu asikate tamaa. Upande wa mashariki, kwenye barabara ya kwenda Matombo na Kisaki, kuna msitu wa Kimboza, mdogo, wa chini, wenye miamba ya chokaa. Humo kuna mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu kama wino, na hapatikani duniani ila hapo na misitu michache ya jirani. Alikamatwa mno kwa ajili ya kuuzwa Ulaya na Marekani hadi biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku mwaka 2017. Akitokea mtu anataka kukuonyesha mmoja ndani ya kopo, usitoe hata shilingi.

Kwa anayetaka kulala kijijini, mimi humwelekeza Mgeta. Unatoka mjini kwa barabara ya Iringa, unakunja kabla ya kufika Mzumbe, kisha gari linapanda hadi baridi inaanza. Miteremko imechongwa ngazi za kabichi, karoti na viazi. Ngazi zina historia chungu: miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Uluguru kuzichimba, na mwaka 1955 huko Matombo watu waliinuka kupinga. Wazee hulizungumzia ukikaa nao kwa adabu. Ukifika kijijini, kabla ya kutafuta kitanda, pita kwa mtendaji, jitambulishe, saini kitabu cha wageni. Kuanzia hapo wewe ni mgeni wa kijiji, na mgeni wa kijiji hasumbuliwi hovyo. Beba fedha taslimu za noti ndogo, kwa sababu wakala wa simu yupo ila mara nyingi hana fedha ya kukupa. Beba sweta nzito. Julai huko usiku si wa mchezo.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei masika hugeuza njia kuwa utelezi na barabara za vijijini kuwa tope. Vuli pia ina siku zake mbaya, kwa hiyo Novemba uliza kabla ya kukata tiketi. Viatu viwe na meno na viwe vimeshazoea mguu. Maji lita mbili. Tochi, hata kama unarudi mchana. Koti la mvua, dawa zako za kila siku za ziada ya siku mbili, na karatasi yenye jina lako, ugonjwa ulio nao na simu ya ndugu, mfukoni, si kwenye begi. Dharura ya polisi ni 112.

Chakula cha jioni ndicho kinachowashinda wengi kuliko mlima. Kukaa mezani peke yako, sahani moja, wengine wamekaa wawili wawili. Nenda mapema, saa kumi na mbili, mgahawani kusipojaa. Kaa ukiangalia mlango, agiza kuku na ndizi, acha simu mezani ikiwa imezimwa. Siku ya kwanza utakula haraka. Siku ya tatu, mhudumu atakuja kuondoa sahani na wewe utakuwa bado unaangalia Bondwa ikiingia gizani, taa za minara yake zikianza kuwaka nyekundu, na utamwambia akuletee chai nyingine.