Zile Korosho Zimetoka Wapi?



Wengi wetu hapa Uingereza huongeza pato la nyumba kwa kazi ya mikono: wapo wapikao sambusa na vitumbua, wapo washonao mabuibui. Zamani sifa ya mpishi ilienea arusini na msikitini. Siku hizi soko limehamia simuni, na wenye soko hulibadilisha bila ya kutushauri.

Facebook, ambayo sasa huitwa Meta, iliinunua WhatsApp mwaka 2014. Mwezi Juni 2025 ilitangaza kuwa matangazo ya kulipiwa yataingizwa katika Status, pale pale tunapobandika vitumbua vya futari bila ya kulipa senti. Hilo halitusumbui sana. Mteja wetu ni jirani au jamaa, naye hututafuta kwa jina.

Linalotushughulisha ni jingine. Oktoba 2023 Meta ilianza kuwapa watangazaji zana za akili bandia zinazochora mandhari mpya nyuma ya bidhaa, kuipanua picha na kuandika maneno ya tangazo kwa namna kadhaa. Mei 2024 zikaongezwa za kutengeneza picha nyingine kwa kufuata ile uliyoiweka. Biriani iliyopigwa picha juu ya meza ya jikoni, kwa zana za namna hii, huweza kutokea bustanini, juu ya sinia la fedha, mvuke ukifuka. Nyumbani kwetu vijana walijaribu programu moja ya aina hiyo, wakafurahi mno. Bibi yao akaitazama picha, akauliza zile korosho zimetoka wapi, maana yeye hakutia korosho.

Mandhari si neno. Hata mwenye duka hutandika kitambaa safi. Lakini korosho hulipiwa. Sote twakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta unyevu chini, na muuzaji akaeleza kuwa kimenyeshewa. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona.

Tena korosho zina jambo lake katika nchi hii. Tangu Oktoba 2021, chakula kinachofungwa pale pale kinapouzwa sharti kiandikwe viungo vyake vyote, na vile vinavyodhuru baadhi ya watu, korosho zikiwamo, vikolezwe maandishi. Mashine huandika kwa ufasaha hata isiyoyajua, wala haijaingia jikoni mwetu.

Basi tumepatana hivi: mashine itusaidie Kiingereza, picha tupige wenyewe mchana karibu na dirisha, na orodha ya viungo aisome mpishi kabla haijatoka. Vijana wanalalamika kuwa picha za wengine zinang'aa na wateja watatupita. Huenda wakatupita. Oda za Idi zimeanza kuingia, nasi twazihesabu.