Chini ya Rangi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuna wakati katika maisha yangu nilipolipwa kukitembeza kibaya mpaka kikafanana na kizuri, na ingawa miaka mingi imepita, jambo hilo halijanitoka moyoni.

Ilikuwa mwaka 1996, kaskazini mwa jimbo la Indiana, nchini Marekani. Nilikuwa mwanafunzi mwenye karo ya kulipa, nikapata kibarua katika yadi moja iliyouza magari ya zamani kwa watu wenye kuyakusanya. Kazi yangu ilikuwa kuyaosha, kuyapiga polishi na kuyapanga kabla ya wateja kufika siku ya Jumamosi. Mbele, karibu na barabara, yalipangwa magari ya wazi, yale ambayo paa lake la turubai hukunjwa nyuma ya viti. Nyuma yalikaa magari ya porini: Jeep, Ford Bronco za mwanzo zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1966 na 1977, na Scout. Hizo Scout zilikuwa kama wenyeji wa pale, maana ziliundwa Fort Wayne, katika jimbo lile lile, na kampuni ya International Harvester iliyojulikana zaidi kwa matrekta. Ilipofika mwaka 1980 kampuni ikaacha kuziunda.

Mwanzoni sikuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu atoe maelfu ya dola kununua gari lisilokuwa na kipoza hewa, lenye kuvuja mvua na kunywa petroli kama ng'ombe mtoni. Baadaye nilitambua kwamba wengi wao hawakuwa wakinunua chombo cha kusafiria. Walikuwa wakinunua miaka yao waliyoiacha nyuma. Na kwa kuwa miaka haishikiki kwa mkono, mnunuzi hulazimika kuliamini neno la muuzaji: kwamba injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, kwamba gari halijapata ajali, kwamba lililala gerejini kila kipupwe.

Tajiri wangu alikuwa na gari moja alilopenda kulitolea mfano. Lilikuwa Cadillac Eldorado la wazi la mwaka 1976. Mwaka ule magari 14,000 ya aina hiyo yaliuzwa kwa sifa kwamba ndiyo ya mwisho ya wazi kuundwa Marekani. Watu waliyagombania, wengine wakayafungia gerejini bila kuyaendesha, wakingojea bei ipande. Lakini mwaka 1982 Chrysler ikaanza tena kuuza magari ya wazi, na ilipofika 1984 Cadillac yenyewe ikawa na Eldorado jingine la wazi. Baadhi ya wale walionunua lile la "mwisho" walihisi wamedanganywa, wakaenda mahakamani. Tajiri alikuwa akisimulia habari hiyo huku akicheka. "Usinunue neno," aliniambia, "nunua chuma." Sikujua wakati ule kwamba na chuma nacho kinaweza kufundishwa kusema uongo.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imetanda, lililetwa Ford Mustang la wazi la mwaka 1966, jekundu, linang'aa kama embe lililopanguswa. Mustang zilitoka mara ya kwanza tarehe 17 Aprili 1964, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 2,368, kiasi ambacho hata kijana aliyeanza kazi aliweza kukitafuta. Kabla ya miaka miwili kwisha, milioni moja zilikuwa zimekwisha uzwa. Kwa hiyo halikuwa gari la nadra. Lilikuwa gari ambalo karibu kila Mmarekani wa rika fulani alipata kulipanda au kulitamani.

Niliambiwa nilisafishe upande wa chini. Nikalala chali chini yake na ndoo na brashi. Lami nyeusi iliyopakwa chini ilikuwa mpya mno kwa gari la miaka thelathini. Nikachukua bisibisi nikagusa kile kizingiti cha chuma kinachopita chini ya mlango. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Niliivuta, ikatoka na vumbi jekundu la kutu, vipande vya puti, na kitambaa cha faiba kilichobandikwa kuziba tundu.

Hapa yafaa nimweleze msomaji jambo moja la kiufundi. Magari kama Scout hukaa juu ya chesisi ya kujitegemea. Bodi ikiliwa na kutu, gari litakuwa baya kwa sura lakini mgongo wake bado upo. Mustang halina chesisi ya namna hiyo, bodi yenyewe ndiyo mgongo. Na likiwa la wazi, hata paa la kusaidia kubeba halipo, kwa hiyo wahandisi waliongeza nguvu kwenye sakafu na vizingiti. Vizingiti vikioza, gari hujikunja katikati. Katika majimbo ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa kipupwe ili kuyeyusha barafu, na chumvi ile haina huruma kwa chuma.

Nilikwenda kumwambia tajiri. Alinisikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye makaratasi yake. "Uliajiriwa kuosha," akasema. "Yote hapa yanauzwa kama yalivyo, na mteja anatia saini." Nikarudi chini ya gari. Nikaomba kopo la lami, nikaziba tundu nililolitoboa. Hakuna aliyenilazimisha kufanya hivyo vizuri, lakini nilifanya vizuri.

Aliyelinunua alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja Jumamosi tatu mfululizo. Alikuwa na Mustang kama hilo ujanani, akaliuza mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Siku ya tatu alivaa miwani akasoma bamba la mlangoni, akanionyesha kwa kidole: tarakimu ya kwanza ilikuwa 6, maana yake mwaka 1966, kisha baada ya herufi ya kiwanda zikafuata 08, maana yake lilizaliwa likiwa la wazi, si lililokatwa paa baadaye na wajanja. Alifurahi kama mtu aliyesoma jina la nduguye katika orodha ya walionusurika. Kisha akanigeukia. "Kijana, wewe unayashika kila siku. Ungekuwa wewe, ungelinunua?"

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Nami nilikuwa na karo ya kulipa mwisho wa mwezi. Nikasema, "Ni gari zuri sana, mzee."

Mwezi wa tano akarudi. Gari lilikuja likiwa juu ya lori. Alipoketi ndani na mkewe, milango iligoma kufungika, na ufa ulikuwa umejitokeza kwenye rangi nyuma ya mlango. Tajiri alimwonyesha saini yake kwenye karatasi, na hapo mazungumzo yakaisha. La kuvunda halina ubani, lakini ubani nilioufukiza mimi ulidumu miezi mitatu, na ilitosha. Mwalimu hakupiga kelele. Alinikuta nje nikikunja mpira wa maji, akaniuliza swali moja tu: "Ulijua?"

Nikamjibu kwamba nilijua.

Alitikisa kichwa polepole, akaondoka. Wiki ile ile niliacha kazi, lakini sitaki kujisifu kwa hilo. Kuacha kazi baada ya mtu kuumia si ushujaa. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakunitukana. Baada ya siku kadhaa nilitafuta nyumba yake, nikabisha hodi, nikamwambia sina pesa za kumrudishia lakini nina mikono miwili.

Tulilifanyia kazi gari lile gerejini kwake kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka mzima, pamoja na jirani yake aliyejua kuchomelea. Kwanza tulilisawazisha juu ya stendi, tukafunga nondo za chuma kukingama nafasi za milango ili bodi isijikunje tutakapokata. Ndipo tukakata. Kila tulipoondoa puti tulikuta puti nyingine, ya mtu mwingine wa zamani zaidi. Wale wauzaji wote waliopita kabla yetu walikuwa wameacha alama zao humo, tabaka juu ya tabaka, na tabaka la juu kabisa lilikuwa lami yangu. Niliikwangua mwenyewe. Vizingiti na sakafu mpya viliagizwa, maana Mustang ni mashuhuri kiasi kwamba vipuri vyake bado hutengenezwa. Gharama ilipita thamani ya gari. Katika siku zile zote mwalimu alinifundisha kusoma chuma: kuweka sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi na kuona mahali inapokataa kushika, kwa kuwa sumaku haishiki puti.

Mwaka 2003, mkewe alipougua, aliamua kuliuza. Aliniomba nimsaidie kuandika tangazo. Nilikuwa nimeanza na sifa, kama nilivyozoea kusoma katika matangazo ya namna hiyo. Akalichukua karatasi akaandika upya: vizingiti vyote viwili vilibadilishwa, sakafu ya mbele ilibadilishwa, kiraka kimoja kipo chini ya kiti cha nyuma, rangi si ya kiwandani, picha za kazi yote zipo. Nilimwambia hakuna atakayekuja.

Walikuja wanne. Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo. Alisoma karatasi, akavua koti, akalala chini ya gari kwenye saruji baridi akiwa na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alijipangusa mgongo, akasema kwamba amekiona kile kiraka, pale pale kilipoandikwa. Akaandika hundi bila kuomba punguzo.

Mwalimu alimkabidhi funguo na bahasha ya picha. Baadhi ya picha zile zinanionyesha mimi, nimelala chali chini ya gari, safari hii na kikwangulio mkononi.