Kaka, Gemu la Sega na Posa Yangu

Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha, nina habari ya gemu. Msinicheke.

Tulipokuwa wadogo mjomba alituletea Sega kutoka Muscat na kanda moja tu, Streets of Rage, ya mwaka 1991. Mji umeshikwa na genge, hata polisi wamo mfukoni mwake, basi askari vijana watatu wanaacha kazi na kuingia mitaani kwa ngumi: Axel, Adam na Blaze. Unakwenda kulia, unapiga, unakwenda tena. Ukiishiwa nguvu unaokota tofaa, au nyama ya kuchoma, hapo hapo chini barabarani! Mimi Blaze, kaka Axel. (Kisketi cha Blaze, wallahi, hata mita ya kitambaa haifiki.)

Raundi ya 8 mnamkuta mkubwa wa genge, Mr. X, kakaa kitini. Kabla ya vita anauliza kama mtakubali kuwa watu wake. Mkikataa wote, mnapigana naye. Mmoja akikubali na mwengine akikataa, mnapigana nyinyi kwa nyinyi. Kaka kila siku alikubali, makusudi, apate kunipiga. Nililia mpaka mama akazima TV.

Baba alipofariki tuligombana kwa ajili ya duka. Yeye anataka liuzwe, mimi vyerehani vyangu vimo ndani. Miezi kumi na moja hatusemezani. Ndipo ikaja posa. Baba hayupo, babu hayupo, walii wangu ni nani kama si yeye? Nilifikiria kwenda kwa kadhi, nisiwafiche. Ila nikaona haya kuolewa huku kaka yangu yuko hai, mtaa wa pili.

Nikabeba sahani ya halua nikenda.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Basi, kimya. Mwanawe alikuwa kalitia gemu lile lile kwenye kompyuta, kaunganisha na TV. Akatupa pedi moja moja, mtoto hajui lolote. Tukacheza bila ya kutazamana mpaka kwa Mr. X. Swali likaja. Nikabonyeza hapana, mkono unatetemeka kama naingia kwenye mtihani wa skuli.

Kaka naye akabonyeza hapana.

Mr. X alitumaliza sote wawili, tumezeeka. Habari ya duka bado hatujaimaliza. Lakini kaka, macho yako kwenye TV, aliniuliza:

"Hao watu wako wanataka Ijumaa gani?"