Pete ya Tonomura na Mawimbi ya Matema

Mwaka 1986 majarida ya nje yalifika chuoni Mlimani kwa kuchelewa, na yakifika tuliyagombea. Ndivyo nilivyoiona makala ya Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, Japani, iliyotoka Februari mwaka ule katika Physical Review Letters. Mhadhiri wetu aliifunua kwenye ukurasa wa picha akatuambia tutazame kwanza, hesabu baadaye. Palikuwa na kivuli cha pete, na mistari myeusi na myeupe imepita nje yake na ndani ya tundu lake. Nje ilikwenda sawasawa. Ndani ilikuwa imesogea nusu hatua, mstari mweusi wa nje ukikabili mweupe wa ndani.

Sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba uga wa sumaku ndio unaoisukuma elektroni, na potenshali, ambayo uga hukokotolewa kutokana nayo, ni chombo cha hesabu tu. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm walilikataa hilo. Walikuwa Bristol, Uingereza. Walisema hivi: gawa wimbi la elektroni sehemu mbili, lipitishe pande mbili za sumaku ambayo uga wake wote umefungiwa ndani. Elektroni haiugusi uga, haisukumwi na chochote, lakini mistari ya pale mawimbi yanapokutana itasogea, maana potenshali imeenea hata nje. Mwanafizikia Chambers alijaribu hilo Bristol mwaka 1960 na mistari ikasogea. Wabishi wakasema uga ulivuja, na ubishi ukaendelea zaidi ya miaka 20.

Tonomura aliumaliza. Alichukua pete ya aloi ya chuma na nikeli yenye upana wa maikromita chache, akaivika niobi, akaipoza hadi karibu nyuzi 268 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo niobi haipitishi uga wa sumaku. Mistari ikasogea vilevile. Tena ilisogea ama nusu kamili ama haikusogea kabisa, kwa kuwa niobi iliyopoa namna ile hunasa sumaku kwa mafungu kamili tu: yakiwa witiri ni nusu, yakiwa shufwa hakuna. Uga unaovuja ovyo hauwezi kutoa jibu lililonyooka hivyo.

Likizo nilirudi kwetu Matema, kando ya ziwa. Umeme haukuwapo, na jioni baba mkubwa alikuwa akiipiga pampu karabai yake, tayari kuingia ziwani kutafuta usipa. Nikamwonyesha miamba ya upande wa Ikombe, Milima ya Livingstone inakotumbukia majini. Wimbi likifika kwenye jiwe hugawanyika, likazunguka kushoto na kulia, na nyuma ya jiwe sehemu mbili zikakutana: hapa maji yanainuka maradufu, pale yanatulia. Elektroni nayo hufanya hivyo, nikamwambia, na ndani ya jiwe lake kuna sumaku iliyozibwa; ikiwamo, panapotulia huhama.

"Kwa hiyo maji hayakuigusa?"

"Hayakuigusa, baba mkubwa."

"Na panapotulia pamehama?"

"Pamehama."

Akaacha pampu. "Basi mwanangu, hicho kilichozibwa kina kitu chake huku nje."

Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo. Ni kweli kwamba thamani ya potenshali mahali pamoja unaweza kuibadili kwa hesabu bila kubadili chochote duniani. Lakini jumla yake ukizunguka kwa kupita ndani ya tundu la pete na kurudi kwa nje haibadiliki, na jumla hiyo ndiyo iliyosogeza mistari ya Tonomura. Kwangu mimi hilo latosha kuiita potenshali kitu cha kweli.

Tonomura alifariki mwaka 2012. Walimu wenzangu wa fizikia mlioko kwetu Kyela, mkifika kwenye sumaku msiishie kwenye nguvu inayosukuma. Wapelekeni wanafunzi ufukweni wakaone mawimbi yanavyokutana, kisha waambieni kwamba elektroni huathirika hata mahali ambapo hakuna nguvu inayoigusa.